Land Rover 109: alumini inaliwa unga mweupe kila inapogusana na chuma, nifungeje upya isirudi?

Kijana_wa_Igogo

Habari za jumapili wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya vyuma na bodi maana nimekwama na hii gari siko tayari kuiharibu.

Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976, aliiacha baba. Miaka yake ya mwisho ilikuwa inabeba kayabo (samaki wa kukausha kwa chumvi) kutoka soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, magunia mpaka juu, chumvi inamwagika kila pembe ya bodi na jioni inamwagiwa ndoo mbili za maji ya ziwa basi imeoshwa. Mzee alipofariki ikakaa chini ya mwembe miaka tisa. Mwaka huu nimesema naifufua, tayari nimeshusha bodi yote kutoka kwenye chasisi na ndo nikaona haya ninayowaandikia.

Bawa la mbele kushoto, pale linapofungwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nikagusa kwa ncha ya bisibisi, ikazama. Ukamwagika unga mweupe laini kama unga wa muhogo, nikapuliza, chini yake kuna tundu naingiza kidole gumba. Sasa kinachonishangaza, chuma kilichokuwa kimegusana na hapo hakina shida kubwa, kina kutu ya juu juu tu unaondoa kwa msasa. Mimi tangu utotoni naambiwa Land Rover haiozi kwa sababu bodi ni alumini, kumbe kilichooza ni hiyo hiyo alumini na chuma kimebaki!

Hali ni hiyo hiyo chini ya milango yote, na pale bodi ya nyuma inapokalia zile mbavu za chuma. Halafu kuna fundi mmoja nilimpa kazi ya bawa la kulia kama miaka miwili iliyopita, alifunga boliti za stenlesi zinang'aa kabisa na kunihakikishia kwamba hizo hazipati kutu milele. Ni kweli boliti hazina kutu, ila kila moja sa hivi imezungukwa na pete nyeupe na rangi inabanduka kuanzia hapo.

Mabati mapya ya kuziba nimeshapata. Ninachoomba kujua ni namna ya kufunga alumini na chuma pamoja hii kitu isirudi. Sitaki kufanya kazi ya miaka miwili halafu watoto wangu waje kukuta unga tena.

Buzuruga_Stendi

Mkuu pole sana. Hapo solusheni rahisi, chukua tyubu ya lori iliyokufa, kata vipande, weka katikati ya bati na chuma kila sehemu. Mimi nilifanya hivyo kwenye keria ya juu ya gari yangu.

FundiBodi_Nyakato

Kijana wangu, kwanza pole ya mzee hata kama ni siku nyingi. Nimenyoosha bodi za hizo gari tangu zikiwa za idara za serikali na za mapadri, nisikilize taratibu maana kuna mambo hapa watu wanayafanya kinyume kabisa.

Unachokiona sisi tunasema vyuma vinalana. Lazima vitu vitatu vikutane: vyuma viwili vya aina tofauti, viwe vinagusana, na pawe na unyevu unaounganisha pande zote mbili. Hapo umetengeneza betri, ni ile ile ya tochi, upande mmoja unaisha na mwingine unabaki. Alumini ikikutana na chuma, inayoisha ni alumini. Ndo maana chuma chako kimesalimika, kimelindwa na bawa lako. Na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko bati lililokuwepo kwa hiyo unavimba, unanyanyua rangi, maji yanaingia zaidi, mchezo unaendelea. Maji ya ziwa letu peke yake siyo makali, hayana chumvi ya kutisha kama ya Dar au Tanga, lakini gari yako imebeba kayabo! Chumvi imejaa kwenye viungo vyote na chumvi hata bila mvua inavuta unyevu wa usiku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo rangi, ni kuosha. Fungua viungo vyote, maji ya moto na sabuni, pampu ya presha, rudia mara tatu nne siku tofauti. Kisha acha vipande nje usiku, asubuhi mapema vipitie kwa mkono kabla jua halijapanda. Pale panapobaki na ubichi wakati pengine pameshakauka, chumvi ipo bado, rudi kuosha. Ukipiga rangi juu ya chumvi umeifungia ndani ikale vizuri.

Kusafisha alumini usitumie brashi ya waya wa chuma, wala lile jiwe la grinda ulilotoka kusagia chasisi. Vipande vidogo vya chuma vinazama ndani ya alumini na kila kimoja kinakuwa betri yake. Tumia brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, au msasa mpya, na uiweke pembeni iwe ya alumini tu.

Sasa rangi. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Wanaona alumini ndo inaliwa basi wanapiga rangi nzuri kwenye alumini na chuma wanakiacha na praima nyembamba. Ni hatari zaidi kuliko kuacha yote wazi! Rangi lazima itakuja kukwaruzika mahali, hata katundu ka ncha ya pini, na sasa lile chuma lote kubwa linavuta kwenye hako katundu kamoja, bati hapo litatobolewa haraka kuliko lisilo na rangi kabisa. Funika vyote viwili, ila kama kuna upande usiotakiwa kukosewa ni wa chuma. Praima ya epoksi ile ya makopo mawili unayochanganya, mikono miwili, ndani ya kila tundu la boliti na kwenye kingo. Alumini ipige siku hiyo hiyo uliyoipiga msasa, ukiiacha mpaka kesho ngozi yake ya oksaidi imeshakuwa nene na praima haishiki vizuri. Na vaa kinyago cha kweli cha rangi, siyo kitambaa.

Boliti: stenlesi na alumini viko mbali sana kwenye mpangilio wa vyuma vinavyolana, na vikiwa mbali ndo vinalana zaidi, ndo hizo pete nyeupe zako. Boliti ni ndogo na bati ni kubwa kwa hiyo bawa zima halitakufa kwa ajili yake, lakini kuzunguka tundu maji yanakaa pale pale na pale ndo panaliwa. Mimi napenda boliti zilizochovywa zinki, hizo zinakaa karibu na alumini. Tena hata kiwandani Uingereza zile pembe za juu za bodi waliweka chuma kilichochovywa zinki, kaziangalie za kwako. Washa, yale maduara ya kukaa chini ya kichwa cha boliti, kata kwenye dumu la mafuta ya kula, lile la njano la lita 20, plastiki yake hainywi maji. Toboa kwa tundu la boliti, kata duara kubwa kidogo kuliko washa ya chuma itakayokaa juu yake. Shina la boliti nalo livalishe ule mpira wa mafundi umeme unaosinyaa ukipashwa moto, tundu la bati uliongeze kidogo upite. Plastiki inabonyea, kwa hiyo baada ya wiki pita na spana ukaze tena.

Na kila kitu kifungwe kikiwa kibichi. Yaani paka silanti kwenye uso wote wa kiungo, chovya boliti, funga, silanti itoke pembeni pande zote ndo uifute. Kiungo kikavu kinanyonya maji kama utambi. Tumia silanti ya poliyurethani ile ya mafundi wa vioo vya magari. Siliconi ya bei rahisi inayonuka siki usiitumie, ile harufu ni asidi na inakula chuma. Mafundi wa ndege na boti wanatumia dawa ya njano inaitwa Duralac, nzuri sana ila ile ya asili ina kromati, ni sumu, ukiipata vaa glavu na usiipige msasa.

Grisi ya shaba usisogeze karibu na hiyo bodi. Watu wanaipaka kwenye boliti zisigande, lakini ile ni unga wa shaba na shaba kwa alumini ni mbaya kuliko chuma.

Kaka wa tyubu hapo juu simpingi sana ila tyubu nyeusi ina kaboni ndani, mipira mingine ya hivyo inapitisha umeme, na ikikaa kavu bila silanti inashikilia maji kwenye bati. Dumu ni salama zaidi.

Mzee_Nansio

Huku Ukerewe kwenye boti za chuma tunafunga kipande cha metali chini kinaliwa badala ya boti, unabadilisha kikiisha. Kwa nini asichomelee vipande vya zinki kwenye chasisi akamaliza kazi? Nauliza kwa nia njema.

Fundi_Meli_Mwz

Shikamoo mzee. Swali lako ni zuri sana na nimekutana nalo mara nyingi kwa wenye magari. Kile kipande kinafanya kazi kwa sababu boti na kipande vyote vimezama kwenye maji yale yale, umeme unapita majini kutoka kipande mpaka kila sehemu ya boti. Gari iko hewani. Tone la maji lililoko kwenye kiungo cha mlango halijaungana na zinki uliyochomelea chini ya chasisi, kwa hiyo kipande kitakaa kizima na mlango utaliwa. Kitakachosaidia kwenye gari ni zinki iliyofunika chuma chenyewe, yaani kuchovya au praima yenye zinki, maana hiyo iko ndani ya lile tone. Na mzee wangu kama vipande vyenu huko ni vya zinki, kwa maji yasiyo na chumvi kama haya ya kwetu magnesiamu inafanya kazi vizuri zaidi, zinki inajifunika ngozi na kulala.

Kuna kisa nakipenda sana kwenye kazi yetu. Mwaka 1761 Waingereza walivisha tumbo la meli yao ya kivita HMS Alarm mabati ya shaba kuzuia minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Mwaka 1763 wakaikagua, wakakuta misumari ya chuma iliyogusana na shaba imeliwa vibaya. Lakini baadhi ya misumari ilikuwa mizima. Walipotafuta sababu wakakuta mabati yalikuja yamefungwa karatasi ya kahawia, na sehemu nyingine karatasi ilisahaulika pale pale katikati ya shaba na msumari. Karatasi tu! Kwa hiyo dumu la Nyakato lina ukoo mrefu, kijana kata washa zako bila wasiwasi.

Mwl_Kemia_Nyegezi

Naomba niongeze kitu maana nafundisha hili somo na najua kuna mtu atafungua kitabu cha sekondari aje kumbishia fundi. Kwenye jedwali la kitabu, ambalo mwenye hasi zaidi ndiye anayeliwa, alumini ina volti hasi 1.66, zinki hasi 0.76, chuma hasi 0.44, shaba chanya 0.34. Ukisoma hivyo utasema alumini iko mbali na zinki kwa hiyo boliti ya zinki itaila alumini. Fundi yuko sahihi na jedwali nalo haliko makosa, ila lile linapima alumini tupu isiyo na ngozi. Alumini halisi ikigusa hewa inajivisha ngozi ya oksaidi papo hapo na ngozi hiyo inaipandisha, kwenye maji yenye chumvi inakaa juu kidogo ya zinki. Ndo maana zinki ya kwenye boliti inaanza kuliwa kabla ya bati, na ndo tunachotaka.

Ila chumvi ina tabia ya kutoboa ngozi hiyo, kloraidi inaingia sehemu ndogo ndogo na inachimba kwenda chini. Ndo maana dada na kaka zangu mnaobeba kayabo na dagaa wa chumvi, osheni magari kila siku, kwenye viungo na siyo juu tu.

Kijana_wa_Igogo

Wakuu sijui niwashukuruje, mzee wa Nyakato shikamoo, nimesoma mara mbili nikachapisha kabisa nimebandika ukutani gereji. Nina swali moja limeninyima usingizi. Kama nitatenganisha bawa na ukuta kwa plastiki na silanti, taa za mbele na indiketa zitapata wapi athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri? Sa hivi zinapitia bati la bawa lenyewe. Jirani kaniambia nivute waya kutoka kwenye bawa mpaka chasisi.

Fundi_Meli_Mwz

Usifanye hivyo! Ukifunga waya kutoka bawa mpaka chasisi umeunganisha tena alumini na chuma, zile washa zote za dumu zimekuwa kazi bure, betri imerudi kupitia waya. Athi ya kila taa ivutie waya wake peke yake kutoka kwenye taa mpaka sehemu moja ya chuma kwenye ukuta au chasisi, bati la bawa lisiguse huo waya popote. Utaongeza mita chache za waya na taa zitawaka vizuri kuliko zamani maana athi za kupitia bati ndo zinazofanya taa za hizo gari kufifia. Ile sehemu ya chuma unapofunga isugue mpaka ing'ae, funga, ndo uipake grisi kwa juu.

FundiBodi_Nyakato

Marahaba mwanangu. Aliyosema fundi wa meli ni kweli, hata mimi zamani nilikuwa navuta waya kwenye bawa, nimejifunza. Kwenye milango usisahau matundu ya chini ya kutolea maji, mengi utakuta yamezibwa na tope na rangi ya zamani. Fremu ya ndani ya mlango ni chuma, ngozi ya nje ni alumini imekunjwa kuzunguka fremu, na pale kwenye mkunjo ndo maji yanalala. Weka silanti ndani ya mkunjo kabla ya kuukunja, na gari ikishakamilika puliza nta ya ndani ya bodi kupitia matundu hayo.

Na riveti. Zile riveti za kuvuta zinaacha kipande cha msumari wa chuma ndani ya kichwa, hicho kinapata kutu na kula riveti kuanzia tumboni. Tafuta zenye msumari wa alumini, au tumia riveti za kugonga zisizo na tundu, na uzichovye kwenye praima mbichi kabla ya kuingiza. Riveti ya alumini iliyobana chuma kikubwa ndo ya kwanza kufa, kadogo kamezungukwa na kikubwa, kwa hiyo hapo usiruke.

Mama_504

Nimefuata huu uzi kimya kimya ila niseme moja kwa wenye magari mengine ya zamani. Nina Peugeot 504, ndugu wa zile zilizochukua Safari Rally 1975 na 1978. Bloku yake ni chuma na silinda hedi ni alumini, kwa hiyo ugonjwa huu uko ndani ya injini na huuoni. Miaka yote alikuwa anaendesha dereva wetu na rejeta ilijazwa maji ya bomba, ya kisima, ya ziwa, yoyote yaliyo karibu. Siku hedi imefunguliwa njia za maji zilikuwa zimechimbika kama kuni iliyoliwa na mchwa, na gasketi haikuwa na pa kukalia. Ilibidi kutafuta hedi nyingine na gharama yake siitaki tena maishani. Kulanti nzuri mchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yale ya betri, na muibadilishe hata kama bado ina rangi nzuri, dawa ya kuzuia kutu iliyomo inaisha kabla ya rangi.

Kijana Mungu akusaidie umalize gari ya baba yako.

Kijana_wa_Igogo

Mrejesho wakuu, ni wiki ya sita sasa. Nimeosha mara nne. Mara ya tatu asubuhi bado bodi ya nyuma kwenye mbavu mbili palikuwa pabichi kabisa wakati bati lote limekauka, mzee wa Nyakato aliona mbali. Nikatoboa riveti za zile mbavu zote nikazitoa, nyuma yake chumvi ilikuwa imeganda tabaka gumu ya rangi ya kijivu, ningepiga rangi juu ya hiyo!

Ukuta wa chuma umepigwa epoksi mikono miwili, mabawa pia. Jana jumamosi nimefunga bawa la kushoto. Waya wa taa bado sijaufunga kwa makusudi ili nipime kwa mita, waya mmoja kwenye bati la bawa na mwingine kwenye chuma cha ukuta, mita nimeiweka kwenye ile ya kupiga mlio umeme ukipita. Nafunga boliti moja napima, kimya, nafunga nyingine, kimya. Ya tisa ikalia. Nikailegeza, ikanyamaza. Kuichomoa nakuta ule mpira wa shina umechanika kwenye ukingo wa tundu, nilikuwa sijaondoa ukali wa bati baada ya kutoboa na uzi wa boliti ulikuwa umegusa. Nimepiga faili ya duara, nimepaka praima kwenye kingo, leo imekauka. Jioni hii nimevalisha mpira mpya nikakaza, kimya, nikaendelea mpaka ya kumi na nne zote kimya.

Jumamosi ijayo ni zamu ya bawa la kulia, lile la boliti za stenlesi.

FundiBodi_Nyakato

Vizuri sana mwanangu. Hilo la kulia kabla hujafunga kagua kila penye pete nyeupe, gonga taratibu kwa kichwa cha bisibisi. Sauti ikiwa butu bati limeisha kwa ndani, kata utie kipande kipya. Na hilo la kushoto usisahau kulikaza tena jumamosi, dumu litakuwa limebonyea.